Niliwapima Mmoja Mmoja

Asubuhi ile siisahau hata nikijaribu. Niliwasimamisha mama wanne, kila mmoja na kinu chake, nikawapima kasi ya kutwanga kwa saa ya simu yangu. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa pengine tunalingana umri, kwa sababu aibu hii imenizeesha, na wewe unataka kufungua kazi yako hapa Bunia.

Nilikuwa nauzia mikahawa sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa. Mama hao walionitwangia walikuwa wamekimbia vita Djugu. Uchumi nilijifunza mwenyewe, katika kitabu kisicho na jalada. Kilisema mwenye kazi alinganishe: faranga anayomlipa mtu inamletea nini, na faranga anayoiweka kwenye mashine inamletea nini, kisha aongeze penye faida zaidi. Ni kweli. Nami naogopa sana kukosea, kwa hiyo nilipima mara tatu. Mashine ya kusagia majani ilishinda kila mara. Nikainunua, nikawaachisha kazi kwa ujumbe wa simu, maana sikuthubutu kuwatazama usoni. Hata kuliandika hili kunaniuma.

Majuma ya kwanza nilijiona mjuzi. Kisha barabara ikafungwa, mafuta ya mashine yakapanda bei, na wapishi wakalalamika kwamba sombe yangu ina nyuzi. Mashine haichambui vikonyo. Mikono ya mama wale ilikuwa ikivichambua, nami kazi hiyo sikuwahi kuihesabu. Mkahawa ulionunua zaidi kwangu ukanipa siku mbili: nilete sombe nzuri au nisirudi.

Nikaenda mtaa wa Rwambuzi kwa Mama Vumilia, mkubwa wa wale mama wanne. Nilimkuta akitwanga.

"Patron," akasema, "saa yako ya telefone iko wapi? Leo hauna kitu ya kupima?"

Nikaomba msamaha. Akanipa mchi. Nilitwanga peke yangu hadi mikono ikachoka, naye akicheka polepole. Kisha akashika mchi wa pili, akaingia katika kinu kilekile: wangu ukipanda, wake unashuka. Majani yakalainika upesi, na mikono yangu ikapata nafuu.

"Siye tunatwanga wawili wawili," akasema. "Weye ulitupima moja moja, sawa mafungu ya mihogo ku soko. Ulipima kazi gani, mutoto yangu?"

"Mbona hamukuniambia?"

"Uliuliza?"

Watatu walirudi, na mkahawa ule haukuniacha. Wa nne, Dorika, alikuwa ameshapanda lori na watoto wake kwenda Mambasa kutafuta shamba. Namba yake haipatikani.

Siku hizi mashine inakatakata majani mara ya kwanza tu. Kuchambua na kulainisha ni kwa mikono. Gharama imeshuka kuliko nilipotegemea mashine peke yake. Lakini watu watatu hawatoshi kwa vinu viwili, kwa hiyo mchi wa Dorika naushika mimi.

Basi linganisha, mwanangu, lakini kwa bei za Bunia, si za mji wa kitabu. Wapime watu jinsi wanavyofanya kazi kweli, na uwaulize kabla hujaamua. Ukilazimika kumwachisha mtu, mwambie ukimtazama usoni. Mungu akupe kazi isiyokuinamisha kichwa mbele ya majirani. Na popote alipo Dorika, ampe shamba lenye udongo mzuri.