Swali Ambalo Mama Hakulijibu

Siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza, doyen, mkuu wa kitivo chetu cha uchumi, alitusomea malengo ya masomo, amesimama mbele ya ukumbi wa auditoire uliojaa watu hadi madirishani. Miaka mitatu, alisema, ingetufanya watu wanaoweza kueleza jinsi jamii inavyogawa vitu visivyotosha: ardhi, mali, nguvu, wakati. Kisha akasoma masharti. Hisabati, takwimu, uhasibu, Kiingereza, majuma ya stage ya kujifunza kazi, na mwishoni kazi ya utafiti ambayo kila mmoja angeitetea mbele ya juri. Asiyetetea hapati shahada ya licence, hata kama amefaulu mengine yote.

Nilipanda hadi nyumbani, mtaa wa Kadutu, nikamsimulia mama. Alikuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni tangu kabla sijazaliwa, na shule aliiacha mapema. Masharti hayakumshangaza, maana kwake kila kitu kilikuwa na masharti. Kilichomgusa ni lile neno wakati. Aliniuliza kama ni kweli maprofesa wanafundisha kwamba wakati hautoshi. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akasema basi hao wanafundisha jambo la kweli.

Nadhani kazi yangu ya mwisho ilitokea hapo. Mwaka wa tatu nilipendekeza kuchunguza jinsi wanawake wa soko la Kadutu wanavyogawa siku yao. Mwalimu aliyenisimamia, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikubali kwa sharti moja: wanawake sitini, maswali kumi na mawili yaleyale kwa wote, na fomu yenye pengo lolote haiingii kwenye hesabu. Fomu hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu.

Fomu namba moja ilikuwa ya mama. Nilianza naye ili nipate ujasiri. Alifunga kitambaa chake cha kwendea misa, akakaa kwenye kiti, akanijibu kana kwamba hatujuani. Saa anayoamka, saa anayoshuka ziwani kuchukua samaki, muda anaokaa sokoni, nani anateka maji, nani anapika. Tulipofika swali la kumi na moja nikasoma: kwa siku ya kawaida, unapumzika kwa muda gani? Akatazama mikono yake. Nilidhani hakuelewa, nikarudia kwa Mashi, lugha yake ya nyumbani.

“Nilisikia,” akasema. “Acha niwaze bien. Sipendi nikudanganye mu kazi yako ya masomo. Tutaiandika kesho.”

Akajibu la kumi na mbili, akainuka kuendelea na kazi zake. Kesho yake alikuwa na wateja, na mimi nilikuwa na wanawake wengine wa kuwahoji. Majuma yakapita hivyo. Nilijua naishi naye nyumba moja, sikuona haraka.

Alikuwa na ugonjwa wa tension, shinikizo la damu, na dawa alizimeza alipozikumbuka. Jumanne moja alikaa chini ghafla pale sokoni, akashika kichwa. Wenzake walimpakia kwenye pikipiki ya abiria, mmoja wao amekaa nyuma kumshikilia, wakamfikisha hospitali. Nilipotoka masomoni na kufika, hakuwa anasema tena. Aliishi siku mbili. Tulimzika kijijini Mumosho alikozaliwa, kwenye mteremko unaotazama mto Ruzizi, mvua ikitunyeshea.

Baada ya mwezi nilirudi kuingiza majibu kwenye kompyuta. Nilikuwa nikiitumia pamoja na mwanafunzi mwenzangu, msichana aliyekuja kukaa nasi kwenye matanga. Aliona mwandiko wangu kwenye fomu ya kwanza, akaona na ile nafasi tupu, akaelewa ni ya nani.

“Weka saa moja,” akaniambia polepole. “Ni mama yako. Nani atakukatalia?”

Niliandika moja. Ikakaa pale, haina tofauti na za wengine. Nikaiangalia kwa muda, nikaifuta.

Nilimwendea mwalimu, nikamuuliza kama fomu inayokosa jibu moja inaweza kubaki. Alinieleza kwa upole kwamba tukiiachia moja, tutaziachia zote. Sikumwambia ilikuwa ya nani. Pengine angenihurumia, na huruma hiyo nisingeiweza. Nilirudi nikafuta mstari wote. Kompyuta ikasogeza wengine juu, mwanamke wa pili akawa wa kwanza.

Siku ya kutetea, mmoja wa juri aliniuliza kwa nini nilihoji wanawake sitini na meza zangu zina hamsini na tisa. Nikajibu kwamba fomu moja haikukamilika. Akaitikia kwa kichwa, akapita kwenye swali lingine. Walinipa distinction, alama ya juu. Shangazi yangu akanimwagia poda kichwani, kama anavyofanyiwa kwetu aliyefaulu, watu wakaimba.

Tulirudi kwa miguu, mimi na papa, baba yangu aliyekuja kunisikiliza, kwa njia ya mkato inayopanda. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Katikati ya mpando aliniuliza ni fomu gani ile isiyokamilika. Nikamweleza. Kisha nami nikamuuliza:

“Papa, maman alikuwa anapumuzika masaa ngapi ku siku?”

Alitafuta jiwe kando ya njia, akakaa, akavua miwani.

“Nilikuwa nalala, yeye iko anafanya kazi,” akasema. “Naamuka, yeye iko anafanya kazi. Miaka yote ile, sikumuulizaka.”

Nikakaa karibu naye. Watu waliokuwa wakipanda na mizigo yao waliona ile poda kwenye nywele zangu wakajua maana yake, wakatupongeza mmoja baada ya mwingine. Papa aliwajibu wote asante, ameinamisha uso, bila kuvaa miwani yake.