Maneno Kando ya Ng'ombe

Kikundi chetu cha akina mama wa maziwa, hapa Sosiot, kilinipa kazi ya kuchora kwa kompyuta ng'ombe wa kushonwa kifuani mwa sweta. Nilipoona amenenepa sana, nikaandika kando yake nisisahau: "Punguza tumbo." Nikalipunguza, lakini maneno sikuyafuta. Mimi na utaalamu wangu tukautuma mchoro kwa fundi wa sweta.

Jana Mama Chebet, mwenyekiti wetu mwenye mwili mkubwa, alivaa sweta ya kwanza mkutanoni. Macho yote yakamwelekea kifuani. Akaivuta mbele, akasoma: "Punguza tumbo."

"Chelangat, ni mimi unaambia?"

"Hapana, Mama! Ni ng'ombe!"

Nashukuru fundi alikuwa ameshona moja tu. Namshukuru zaidi Mama Chebet, aliyecheka mpaka akakaa.

"Hata daktari huniambia hivyo," akasema, "lakini hajawahi kunishonea."