Namba Niliyoifuta kwa Msasa

Ijumaa moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na ningefurahi kuisahau. Miwani yangu naipoteza kila siku. Ijumaa ile haipotei.

Nilikuwa kijana kwenye karakana ya Fundi Shee, hapa hapa Mtopanga, tukitengeneza vitu vya kale. Mama Kadzo wa Utange akatuletea bunduki ya kuwindia ya Kiingereza, aliyoachiwa na marehemu babake, naye aliachiwa na mzungu aliyempikia miaka mingi. Haikuwa ikipiga tena, na barua ya polisi alikuwa nayo. Alitaka kuiuza anunue kiwanja alichozikwa babake, kabla mwenye ardhi hajampa mtu mwingine.

"Usiiguse mpaka nirudi," Fundi akaniambia, akaenda msikitini.

Mimi tena, mjanja wa mtaa! Nikachungulia ndani ya mtutu, nikaiona ile mifereji iliyojipinda, inayoizungusha risasi iende sawa. Nikahesabu: saba. Nikarudia: saba, yote mizima. Nikajiambia, hii mali, imebaki kutu ya nje tu. Nikashika msasa. Fundi aliporudi, bunduki inang'aa kama kijiko cha harusi.

Akaweka kidole kwenye chuma kitupu. "Hapa palikuwa na maandishi."

"Yalikuwa na kutu, Fundi."

"Ilikuwa namba ya hataza, we! Namba anayopewa aliyebuni kitu, asiibiwe. Ndiyo inayosema nani aliibuni hii na ni ya enzi zipi. Mifereji umeihesabu?"

"Mara mbili."

"Na namba umeisoma mara ngapi?"

Nikauficha msasa mgongoni.

Mnunuzi, mzee wa Bamburi mwenye kibali cha kukusanya silaha za kale, alikuja na kioo chake cha kukuzia. Akatafuta, akachoka. "Mtutu mzuri, wallahi. Lakini nitajuaje aliibuni nani? Hii sasa ni pambo la ukutani." Nilibishana naye bei mpaka koo likakauka. Haikufika hata nusu ya kiwanja.

Mama Kadzo hakunitukana. "Basi, mwanangu," akasema, "wewe ulitaka ing'ae tu." Heri angenitukana.

Kiwanja kikaenda kwa mtu mwingine, na leo pale pana vyumba vya kupanga. Nikipita, wapangaji huniamkia, "Shikamoo, mzee." Naitika marahaba huku natazama chini, maana sijui kaburi liko chini ya chumba gani.

Sasa juzi umenitumia picha ya cherehani ya bibi wa watu, wauliza msasa gani unafaa. Hakuna. Kitu cha mtu kikikufikia, soma kwanza kilichoandikwa, unakili, umuulize mwenyewe. Ndipo ufute vumbi, na kwa kitambaa. Usichokijua, kiache na kutu yake.

Nimechoka, mwanangu, wacha nikuombee. Mungu akujaalie macho yatangulie mikono, na akuepushe na kosa ambalo uliyemkosea anakusamehe kabla hujamwomba.