Mgeni Aliyeomba Maji Kimandolu

Sina faida ya kusema uongo katika umri huu. Nimefundisha Neno miaka mingi, na mbele za Mungu nasema haya niliyaona kwa macho yangu.

Mjukuu wangu Upendo ana ugonjwa wa moyo. Anameza vidonge kila asubuhi, nami hushukuru kwa kila kimoja. Binti yangu analea visamaki vya mistari katika maabara ya chuo kimoja hapa Arusha. Dawa hujaribiwa kwa visamaki hivyo kabla ya kufika kwa watu. Aliwahi kunionyesha kifaranga cha samaki chini ya lenzi: mwili kama kioo, moyo unaonekana ukipiga.

Mponyaji mmoja wa Sombetini, anayejiita mtumishi wa Mungu, akasikia habari hizo. Akaanza kuuza visamaki kwenye chupa: meza kimoja kikiwa hai, moyo utapona, vidonge tupa. Mkwe wangu, mama yake Upendo, akanunua kwa siri. Mimi nilimwona tu mtoto anavimba miguu, na nikiuliza naambiwa ni baridi ya mlimani.

Alasiri moja ya mvua nilikaa barazani kwangu Kimandolu, Upendo amelala ndani. Mwanamke akaingia getini, akaniamkia shikamoo, akaomba maji. Nikampa kikombe. Niamini, niliyaona maji yakishuka ndani ya koo lake hadi tumboni, na kando yake moyo mwekundu ukipiga. Wewe ungekimbia? Mimi nilizidi kumtazama.

"Babu," akasema taratibu, "dawa tulionjeshwa sisi kwanza. Wengine tukafa. Mbona mtoto mmemnyima?"

Nikageukia mlango wa chumba cha Upendo. Nilipotazama tena hakuwepo. Kikombe alichonywea kilikuwa kimejaa pomoni.

Nikaingia kupekua; chini ya kitanda cha mtoto nikakuta chupa, visamaki viwili vikizunguka, na vidonge vya mwezi mzima havijaguswa. Mkwe wangu akalia: "Baba, mtumishi alisema tuwe na imani tu."

"Imani gani inayoogopa kidonge?" Sijawahi kumsemesha kwa sauti ile. Tukamkimbiza mtoto hospitali.

Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Lakini hapandi tena kilima cha kwenda shule, na yule mtu bado anauza chupa zake. Namwombea; hasira haijaniisha. Kikombe nacho, nikikiacha kitupu barazani, hata wakati wa kiangazi, asubuhi nakikuta kimejaa.

Ukiletewa chupa hiyo, mfukuze anayeileta. Viumbe vimekufa ili mwanao apate kidonge. Ukimnyima, ipo siku mgeni ataingia getini kwako kuomba maji, na utamjibu nini?