Kikopo Chenye Jina Langu

Ninyi mliokaa kwenye benchi la zahanati mkisubiri dawa za kifua kikuu, haya nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Msicheke mwandiko. Shule niliishia darasa la nne, lakini muulizeni mtu yeyote kati ya Maretadu na Katesh kama kuna asiyemjua Boay wa vitunguu saumu.

Biashara ilipofunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kuuza anachoweza, waliosoma walikaa wakingoja barua za ajira. Mimi nilipakia vitunguu saumu kwenye punda. Punda akazaa baiskeli, baiskeli ikazaa lori la Kenta. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza kitongojini kwetu kuwa na bati na sakafu ya saruji. Gunia nililibeba peke yangu, huku nikipiga mluzi. Mke wangu Paskalina, aliyenizalia watoto watano, alikuwa akiniambia, "Baba Emanueli, punguza kujisifu, Mungu anasikia." Namjibu, "Asikie tu, si ndiye aliyenipa?"

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga nilipoanza kukohoa. Nikasema ni vumbi la mnadani. Baadaye ikaja homa ya jioni, na jasho linalolowanisha shuka hadi Paskalina analikamua kama nguo iliyofuliwa. Nilikonda mpaka suruali nikawa naifunga kwa kamba ya katani. Siku nilipotema damu kwenye kiganja, nikaifuta haraka kwenye suruali. Paskalina alikuwa ameshaona. Alichukua kitenge chake, akanishika mkono kama mtoto, tukaenda zahanati.

Tabibu alikuwa kijana mdogo sana. "Shikamoo mzee," akasema. Alipima makohozi, akaniambia ni kifua kikuu na kinapona. "Ila kinapona kwa anayemeza kila siku. Chagua mtu wa nyumbani awe msimamizi wako. Akuone ukimeza, ndipo aweke tiki kwenye kadi."

Nikamchagua Paskalina. Mwezi wa kwanza alisimama mbele yangu kila asubuhi na kikombe cha maji. "Fungua mdomo nione." Nafungua. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, nikaogopa, akanicheka. Mwezi wa pili homa ikaisha, suruali ikaanza kukaa yenyewe. Makohozi yakapimwa, yakawa safi. Nikajiona nimeshinda.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Minada ilikuwa inaniita. Nilikuwa nikiondoka kwenda Katesh kupitia Basotu, nalala njiani siku tatu, nne. Mara ya kwanza nilibeba vidonge. Wafanyabiashara wenzangu wakaviona. "Tajiri Boay anadonoa vidonge kama kuku anavyodonoa mtama!" Wakaangua kicheko. Mwingine akasogeza bakuli lake la supu mbali na langu. Tangu siku hiyo vidonge vilibaki nyumbani. Na tiki?

"Niweke tiki na sijakuona ukimeza?" Paskalina aliuliza.

"Weka. Mimi ni mzima. Unataka kijana wa zahanati anifokee mimi, mwenye Kenta?"

Akaweka. Mkono wake ulikuwa mzito, niliona.

Mwezi wa tano tabibu alinipa kikopo chenye jina langu. Nikohoe alfajiri, nikakirudishe. Alfajiri ile Kenta ilikuwa inaunguruma nje, imejaa. Lakini nisidanganye tena: sababu haikuwa mnada. Kikohozi kilikuwa kimeanza kurudi kidogo kidogo, na niliogopa kile kikopo. Nikampa Paskalina.

"Kohoa wewe."

"Mimi siumwi!"

"Ndiyo maana."

"Baba Emanueli, hii si dhambi?"

"Padri alisema nini siku ya ndoa? Mume na mke ni mwili mmoja. Basi kohoa."

Alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka. Akakohoa. Akafunga kifuniko, akakipeleka mwenyewe zahanati. Majibu yakaja: safi. Mwezi wa mwisho tukafanya vile vile. Tabibu akaandika kwenye kitabu chake kikubwa mbele ya jina langu: amepona.

Haukupita muda mrefu, wakaja wageni kutoka mkoani. Mkutano ukafanyika uwanjani pa zahanati. Mama mmoja mwenye miwani akasema, "Kwenye maboksi dawa hizi zimeandikwa kwamba zinaponya. Sisi tumekuja kujua kama zinaponya huku, kwa mkulima wa Maretadu, kwa mfanyabiashara, kwa watu wenye shughuli zao. Tukijua zinashindwa wapi, tutarekebisha." Tabibu, kwa furaha, akaniita mbele.

Nikasimama. Nilivaa koti. Nikaeleza damu, jasho, kamba ya katani, watu wakapiga makofi.

Yule mama akafungua kadi yangu. "Mzee, kuna siku uliruka?"

"Hata moja! Boay akianza kitu, anamaliza."

"Na safari zako?"

"Nasafiri nazo mfukoni."

Akaitazama ile kadi, akaandika. Upande wa wanawake, Paskalina alikuwa ameketi kwenye nyasi. Alifunika mdomo kwa kitenge. Alikuwa anakohoa. Mimi nilimwona, nikaendelea kuongea.

Kikohozi chake hakikuacha. Nikamnunulia dawa ya maji ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Siku moja nikamwambia kwa sauti ndogo aende akapimwe.

"Nikikutwa na kifua kikuu, watauliza nimekipata wapi," alisema. "Na wewe umeshasimama mbele za watu. Watakucheka mpaka Katesh."

Ningesema, acha wanicheke. Maneno mawili tu. Badala yake nikaenda kupakia vitunguu.

Alikonda yeye sasa. Jasho lake nililikamua mimi, mara moja moja nilipokuwa nyumbani. Kisha, tukiwa tunashusha mzigo Basotu, kifua changu kikapasuka. Damu ilijaa mdomo, ikamwagika juu ya magunia. Dereva wangu aligeuza gari bila kuniuliza. Tulimpitia Paskalina nyumbani, maana hata kusimama alikuwa hawezi, tukafikishwa hospitali wote wawili nyuma ya Kenta, kwenye magunia matupu.

Wote wawili tulikutwa na kifua kikuu. Safari hii nilikohoa mwenyewe.

Mimi nilianza dozi ya kurudia, na sindano ya matakoni kila siku kwa miezi miwili, mpaka sikio la kushoto likaanza kulia kama nyenje na halijanyamaza hadi leo. Paskalina alianza dawa siku hiyo hiyo, lakini mapafu yake, daktari aliniambia, yalikuwa yameliwa muda mrefu. "Mzee, mbona mmemchelewesha hivi?"

Wiki ya tatu, mchana, binti yetu Anjela alikuwa anamlisha uji. Paskalina akausogeza kando mkono wa binti, akaniita nisogeze sikio.

"Mwambie yule kijana," akasema, "yale makohozi yalikuwa yangu."

"Pumzika, Mama Emanueli."

"Mwambie. Nilikuwa mzima siku zile. Iandikwe."

Hakumaliza siku.

Baada ya mazishi nilikwenda zahanati, nikamwambia tabibu kila kitu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye jina langu.

"Mzee, ungesema unasafiri, ningekuandalia dawa za safari, ningekuandikia barua umeze mbele ya nesi wa Katesh. Wageni walipouliza kuhusu wanaokwenda minadani, mimi niliwaambia huku hatuna shida, mtazameni Boay."

"Futa hapo," nikamwambia. "Andika kweli."

"Hesabu za mwaka ule zimeshapelekwa. Nitaandika pembeni, na nitawapelekea barua." Akaandika.

Barua ilifika. Sasa hapa kwetu kila anayeanza dawa huulizwa kwanza, siku za mnada unalala wapi? Na kikopo cha alfajiri hakipokelewi mkononi mwa mtu mwingine. Utaratibu huo mnaoulalamikia kwamba unawachelewesha, ulianzia nyumbani kwangu.

Mimi nilipona. Hapo nashukuru: Mungu, dereva wangu, Anjela aliyesimama na kikombe cha maji mahali pa mama yake na kusema, "Baba, fungua mdomo nione." Gunia bado nabeba, ingawa mluzi umekwisha. Kenta ninayo. Aliyekuwa akiniambia nipunguze kujisifu ndiye sina.

Vile vyeti viwili vya majibu bado ninavyo, vimeandikwa jina langu, safi, safi. Ndivyo vitu pekee nilivyo navyo vinavyoonyesha kwamba mke wangu alikuwa mzima. Basi ninyi wa kwenye benchi, kama uliruka siku, sema uliruka. Na ukipewa kikopo, kohoa mwenyewe.