Kahawa ya Kutafuna

Juzi, kwenye televisheni ya duka moja Kashai, walionyesha uwanja unaojengwa kwa ajili ya mashindano ya Afrika. Nyuma ya tingatinga migomba ilikuwa imelala chini, na pale pale nikasikia harufu ya utomvu, nikarudi utotoni, kijijini kwetu Izigo.

Wapimaji wa ardhi waliingia mchana kibanjani kwetu, kwenye migomba iliyozunguka nyumba, wakasema timu za nje zinazokuja mashindanoni zitahitaji uwanja wa mazoezi hapo. Wakaanza kugongelea kigingi ubavuni mwa kaburi la babu. Mimi nilifurahi. Nilidhani hao ndio wachezaji wenyewe, nikakimbilia ndani kuwaletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama tulivyomfanyia kila mgeni. Mkubwa wao akanyoosha mkono. Bibi akanipokonya kikapu.

“Usimpe!”

Nyundo ikanyamaza.

“Mama, si kahawa tu hiyo?” yule mtu akasema.

“Kama ni kahawa tu, katafune ya kwako.”

Wakakusanya kamba zao, wakaondoka. Nililia, nikimwona bibi mchoyo. Sikujua kwamba, kwa mila yetu, kama yule mtu angetafuna kahawa yetu angekuwa wa nyumbani, na bibi asingeweza tena kumfukuza pale kaburini.