Pikapu Iliyosimama Uani kwa Kaka

Imesemwa kule Kabras, na hata hapa mjini Kakamega nimesemwa kisogoni, kwamba niliwanyang'anya mjane na mayatima gari lao. Gari lilikuwa langu. Naandika ili jambo hili likae mahali pake, kwa kuwa waliokuwapo wanapungua, na wasiokuwapo ndio wanaosimulia.

Nilistaafishwa katika miaka ya tisini, Serikali ilipopunguza watumishi wake. Sikuomba kwenda. Niliitwa, nikashukuriwa kwa sentensi moja, kisha nikatakiwa kuiachia nyumba ya Serikali ambamo mimi na mke wangu tulikuwa tukiishi. Nyumbani Kabras sikuwa nimejenga. Mtu anayehamishwa leo Lodwar, kesho Voi, atajenga lini? Kiinua mgongo hakikutosha nyumba. Kilitosha gari bovu. Katika mnada wa magari yaliyochakaa nilinunua pikapu iliyokuwa ya idara nyingine, si yangu, na hilo nalo niliweke wazi. Nia yangu ilikuwa kuitengeneza, kuiuza, kisha kujenga katika shamba la marehemu baba yetu. Kaka yangu mkubwa, aliyeshika nafasi ya baba, ndiye angenionyesha mahali pa kuweka nyumba, kwa maana kwetu mtu hajichagulii.

Pale mjini Kakamega, tulikopanga chumba kwa muda, hapakuwa na nafasi ya gari lisilotembea. Likavutwa kwa trekta ya miwa hadi uani kwa kaka, likaegeshwa kando ya ghala la mahindi. Kaka alilima miwa, lakini ujanani alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza matrekta. Kila Jumamosi nilipanda kwenda huko, tukavua mashati.

"Bwana Afisa," alisema siku ya kwanza, akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana, "hii gari ilikuwa inabeba nini? Mawe?"

"Mafaili."

"Basi Serikali yenu iko na mambo mazito. Springi zote zimelala."

Mkewe alicheka kutoka jikoni. "Shemeji, mwambie atoke huko aje ale, obusuma inapoa. Tangu hiyo gari ije, mimi nimekuwa mke wa pili."

Tuliishusha injini, tukabadilisha ringi na gaskiti. Redieta ilizibwa. Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imeoza hata ungeona nyasi ukikanyaga klachi. Fundi wa kuchomelea, aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, akaja akaweka bati nzito. Vipuri vyote nilinunua mimi. Kazi ya mikono aliifanya kaka zaidi yangu, na sijawahi kuikana.

Hatukuandikiana kitu. Wako wanaoniuliza, wakitabasamu, imekuwaje mtu wa ofisi asiandikiane. Nawajibu kwamba mtu na ndugu yake wa tumbo moja hawaandikiani. Kumpelekea karatasi kungekuwa kumtukana. Nilimuuliza kwa mdomo, mara moja, angetaka nini gari likiuzwa. Alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Kwani mimi ni fundi wa nani?" akasema, akaomba chai.

Mkulima mmoja wa mahindi kutoka Lugari alikuja, akaisikiliza injini, akaridhika. Tulikubaliana angeichukua ikishapakwa rangi. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri kaka alipoanguka shambani, jembe mkononi. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Safari ya kwanza ya pikapu ile barabarani ikawa ya kumtoa kaka chumba cha maiti. Nilikuwa usukani. Nyuma walikuwa wameketi vijana wa ukoo wakishikilia jeneza na kuimba, na wanawake wakilia kando ya barabara tulipopita Lubao. Mimi nilikuwa nikisikiliza gia ya tatu. Ilikuwa ikinguruma kidogo mlimani, nikajiuliza kama mnunuzi ataisikia. Sikulia siku hiyo, wala ya mazishi. Watu walinipa pole, nikawaambia asante, kama nilivyokuwa nikiwaambia wananchi dirishani kwamba ombi lao limepokelewa.

Siku ya kunyoa nywele, baada ya maziko, ukoo ulikaa uani kutaja mali na mambo ya marehemu, kama ilivyo desturi. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, aliendesha kikao. Wakataja ng'ombe, miwa iliyosimama, baiskeli. Kisha akanyoosha fimbo.

"Na gari."

Nikasimama. Nikasema gari ni langu, nikatoa kitabu chake cha usajili chenye jina langu, nikakipitisha. Kilizunguka mkono kwa mkono. Wengine walikishika kwa heshima kubwa na kukipitisha bila kukifungua.

"Hatukatai karatasi, mwanangu," baba mdogo alisema. "Lakini kifo kiliikuta hiyo gari ndani ya boma ya nani? Na nani alikuwa analalanga chini yake?"

"Mwulizeni mjane," nikasema.

Shemeji yangu alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimenyolewa. Alitazama pikapu, hakunitazama mimi.

"Mwenyewe hakuniambia ni ya nani," alisema. "Nami sikuuliza. Jumamosi alikuwa anaamka akiimba. Hilo ndilo najua."

Wazee wakanong'onezana. Baba mdogo akatoa uamuzi: gari niende nalo, ila kilichokutwa bomani hakitoki mikono mitupu, nilete mbuzi mmoja, achinjwe hapo, watoto wale, mambo yaishe.

"Mbuzi tu," akasema, karibu kwa utani. "Sokoni Lubao wamejaa."

Nilikataa. Nilisema, kwa adabu, kwamba nikitoa mbuzi nitakuwa nimekiri gari lilikuwa la marehemu, na hilo si kweli. Mtu mmoja alikohoa. Nikaiwasha pikapu, nikarudi nyuma polepole kwa sababu ya kuku, nikatoka langoni.

Mkulima wa Lugari aliichukua juma lile. Gia ya tatu hakuisikia, mimi mwenyewe nilimwambia.

Nilipokuwa na fedha ya kujengea nilimwendea baba mdogo anionyeshe mahali pa kuweka nyumba. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea ingokho, kuku wa heshima ya mgeni, mezani, akaniuliza habari za mke wangu. Nilipoeleza shida yangu, alinawa mikono kwanza.

"Mahali papo," akasema. "Siku ile mbuzi atakapofika, hata mimi nitakuwa nimefika, na kigingi mkononi."

Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, ni mbuzi." Nikamwambia si mbuzi. Hakulisema tena. Tulibaki mjini, tukapanga vyumba viwili, na fedha ya gari ikatumika humo, mwezi baada ya mwezi, katika kodi, hadi ikaisha. Shamba la baba halijagawanywa. Sehemu ambayo ingekuwa yangu imepandwa miwa, na anayeivuna ni shemeji.